Mtaa wa Kumtuma Mtoto Chumvi

Anayehamia Kusini mwa Pwani ya Kenya na watoto wadogo kwa kawaida huanza na nyumba. Dalali humtumia picha za sebule yenye vigae, bafu jipya na bwawa la kuogelea la wapangaji wote, kisha humwambia bahari iko hapo tu. Mimi nakushauri uanzie nje. Mtoto wa miaka sita haishi sebuleni. Maisha yake yako kati ya mlango wako na duka, kati ya duka na shule, kati ya shule na chuo cha Kurani au kanisa, na kwenye kiwanja chochote cha vumbi kinachopatikana katikati. Kipande hicho cha ardhi hakimo kwenye mkataba wa kodi, lakini ndicho utakachokilipia kwa raha au kwa karaha.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: katika mtaa huu, mtoto wa gredi ya pili anaweza kutumwa chumvi akarudi na chenji? Swali hilo dogo hulazimu mengine. Duka liko umbali gani? Njia inakatwa na barabara ya malori? Kuna mwembe au mkungu wa kumpa kivuli? Mbwa wa jirani hufungwa? Na yule mama anayekaanga viazi karai kando ya njia atajua mtoto huyu ni wa nani? Mtaa ukifaulu hapo, kasoro nyingine nyingi utazivumilia, hata umeme unaokatika na jogoo wa jirani.

Ukanda wenyewe umekaa hivi. Kutoka feri ya Likoni barabara kuu hushuka hadi mpaka wa Tanzania ulioko Lunga Lunga, na kutoka hapo gari huingia Horohoro na kuendelea Tanga. Miji mingi imejipanga kuifuata. Ukunda, ambao ndio mji wa nyuma wa Diani, uko kama kilomita 30 kutoka Likoni. Msambweni ni mbele zaidi, kilomita 50 na ushei. Kwale mjini hauko kwenye barabara hiyo: ukifika Kombani unapinda kulia na kupanda kilima. Ikiwa kazi yako iko Mombasa, usisahau kuhesabu muda wa feri. Waendao kwa miguu huvuka bure, ila saa za foleni hazina huruma. Tangu 2024 wenye magari wana njia nyingine, barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka bandari bila kupanda feri. Barabara hiyo imewatia watu hamu ya kununua viwanja upande wa Ng'ombeni na Tiwi. Kiwanja ni kizuri kwa miaka ijayo. Kwa mtoto aliye PP1 sasa hivi, kiwanja kilichozungukwa na vichaka ni upweke.

Diani ya ufuoni

Nianze na mahali ambapo kila mtu hupaota. Barabara ya hoteli ya Diani ina miti mikubwa, upepo, na mchanga mweupe uliopewa sifa dunia nzima. Ni mahali pazuri pa kupumzika na pagumu pa kulelea mtoto anayetembea. Upande mmoja ni kuta za hoteli na nyumba za kupangisha wageni, upande wa pili ni kuta nyingine. Jirani yako wa Agosti hatakuwepo Oktoba. Askari getini atakuwa mtu mwema, lakini atabadilishwa zamu. Duka lililo karibu mara nyingi ni duka kubwa la magari na vikapu vya magurudumu, si la mtoto mwenye shilingi 20 mkononi. Mwisho wake kila jambo huwa la tuktuk: shule tuktuk, maziwa tuktuk, rafiki wa kucheza naye tuktuk.

Wenye kupanga huko husahau pia wakazi wa zamani zaidi, nyani na tumbili. Msitu wa pwani ulikuwepo kabla ya hoteli. Shirika la Colobus Conservation limekuwa likifanya kazi Diani tangu 1997, na utaona juu ya barabara zile ngazi za kamba walizofunga ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Mbega hana neno na mtu. Nyani naye ana maneno mengi. Mfundishe mtoto asitembee na mandazi mkononi, asimpe mnyama chakula hata akimuonea huruma, na asimkodolee macho dume. Kabla ya kulipa kodi, tazama madirisha ya jikoni kama yana nondo zilizokaribiana, na pipa la taka kama lina mfuniko unaofunga.

Jambo jingine nitalisema waziwazi kwa sababu madalali hawalisemi. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa ripoti juu ya watoto wanaotumiwa kingono kwenye utalii wa Pwani, na Diani ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa. Sisemi kila ufuo una hatari. Nasema kwamba mtaa ambao mtoto atapita mbele ya baa na nyumba za wageni wa usiku mmoja kila jioni si mtaa wa watoto, hata kama kodi yake ni nafuu. Nenda ufuoni Jumapili pamoja nao, kwa njia ya umma, maji yakiwa yanakupwa, mkacheze kwenye vidimbwi vya mwambani. Kisha mrudi nyumbani kwenu, ng'ambo ya pili.

Ukunda, na ule mstari wa lami

Ng'ambo ya pili ni Ukunda, na hapa ndipo wengi wenu mtaishia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu wa bara wakifika Ukunda huona stendi, kelele, boda boda na majiko ya mishikaki, wakasema mji huu hauna utaratibu. Utaratibu upo, lakini si wa kuonekana kutoka barabarani. Ingia ndani, mitaa kama Mvindeni, Mwakamba au Bongwe, utembee kwa mguu dakika kumi. Utakuta nyumba za matofali ya matumbawe na za bloku, vichochoro vya mchanga, minazi, mama wakisuka makuti, msikiti kila baada ya nyumba chache, makanisa, vituo vya chekechea, na maduka yenye wavu wa chuma mbele. Hapo ndipo chumvi huuzwa kwa kipimo cha mtoto.

Sheria ya kwanza ya Ukunda ni lami. Barabara kuu ina malori, mabasi na matatu zinazoshindana kufika stendi. Amua kwanza shule ya mtoto, kisha tafuta nyumba upande ule ule wa barabara. Duka, kliniki na mahali pa ibada vikikaa upande huo pia, umepata karibu kila unachohitaji. Nyumba nzuri upande wa pili wa lami ina gharama ya mtu mzima wa kumvusha mtoto asubuhi na mchana, kila siku ya shule. Wazazi wengi hujipa moyo kwamba dada wa kazi atafanya hivyo. Dada naye ana mtoto mchanga mgongoni na sufuria jikoni.

Sheria ya pili: itembee njia yenyewe, na uitembee kwa saa za mtoto. Asubuhi na mapema uone giza limebaki wapi na boda boda wanakimbia namna gani. Mchana kati ya saa sita na saa saba, watoto wa PP1 na PP2 wanapotoka, uone jua la Pwani linavyochoma mahali pasipo mti. Na baada ya magharibi, kwa sababu huku jua likizama hakuna jioni ndefu. Mara ni giza. Angalia taa zinawaka wapi na vijana wanakaa wapi. Vijana kukaa barazani si tatizo. Tazama wanavyomjibu mzee anapopita akiwasalimu.

Kama unaweza, rudi mwezi wa Mei. Masika huku hayana mzaha, na kichochoro kilichokuwa kikavu Februari huwa dimbwi. Kama huwezi kusubiri Mei, tazama kuta: alama ya maji huwa imeandikwa pale. Muulize mwenye duka, si mwenye nyumba.

Aina ya nyumba ina maana zaidi kuliko ukubwa wake. Nyumba ya Kiswahili ya zamani, yenye ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua wa nyuma wenye kisima na choo cha wote, huwatisha wanaotoka kwenye magorofa. Ukiwa na mtoto mmoja wa miaka minne, nakuambia usiidharau. Ua ule umefungwa, una macho ya wanawake watano, na mtoto hapati njia ya kutokea bila mtu kumuita jina. Magorofa mapya ya bedsita, yanayotazama maegesho, yana maji ya bomba na faragha; hayana mahali pa mtoto kukaa chini. Nikichagua mimi, natafuta kitu cha katikati: nyumba ya vyumba viwili katika ploti yenye familia nne au tano, ua mmoja, geti moja, na watoto wa rika la wangu. Hilo la mwisho ulihesabu kwa macho. Nguo zilizoanikwa na viatu vidogo mlangoni husema kweli kuliko mtunza nyumba.

Kuhusu maji, onja. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na watu huoga na kufua kwa maji hayo, kisha hununua ya kunywa kwa mitungi. Ardhi hii ni ya matumbawe, maji hupenya upesi, kwa hiyo hesabu hatua kutoka choo cha shimo hadi kisimani, cha jirani pia. Maji ya kunywa ya watoto yachemshe au uyatie dawa hata kama yanaonekana safi. Na unapouliza bei ya kodi, uliza papo hapo mtungi wa maji huuzwa ngapi wakati wa kiangazi.

Msambweni

Usiponiuliza mimi nitakuambia hata hivyo: ikiwa kazi yako inakuruhusu, nenda Msambweni. Mji ni mdogo, wa zamani, na karibu kila unachotaka unakifikia kwa miguu. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko pale pale, na mwenye mtoto mwenye pumu au anayepata homa za ghafla anajua thamani ya kufika hospitali bila kutafuta gari saa nane za usiku. Shule, soko, misikiti, samaki wa jioni, vyote viko katika duara moja. Malori hupita barabara kuu. Mji wenyewe umejitenga nayo kidogo kuelekea baharini.

Ubaya wake ni kwamba kazi ni chache na vijana huondoka. Mgodi wa titani wa Base Titanium, ulioanza kuchimba 2013 na kuleta wapangaji wengi eneo hili, ulifunga mwisho wa 2024. Kwa mwenye mshahara wa mahali pengine, hiyo ni nafasi ya kuzungumza bei ya kodi kwa utulivu.

Lakini Msambweni ina somo lake la maji, na usilipuuze. Kichocho kipo. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Kenya na wenzao wa Marekani wamekuwa wakikifuatilia katika vijiji vya huko, kwa watoto hasa, kwa sababu watoto ndio huoga mtoni na kwenye mabwawa. Konokono wadogo wa maji hayo hubeba vimelea vinavyopenya kwenye ngozi, na dalili ambayo kila mzazi anapaswa kuijua ni mkojo wenye damu. Mtoto wa mjini hatajua kwamba bwawa la kijani ambamo wenzake wanaogelea si sawa na bahari. Mwambie siku ya kwanza: baharini ruhusa na mkubwa, bwawani marufuku. Siku za dawa za minyoo na kichocho shuleni, asikose. Kuongezea, funga neti zenye dawa kabla ya kufungua masanduku mengine, kwa maana malaria haisubiri uzoee, na mvalishe viatu kwenye vumbi la kivuli, ambako funza hukaa.

Nikiwa bado kusini, Gazi. Ni kijiji, si mji, na si kila familia itakimudu, ila nakitaja kwa sababu kinaonyesha mtaa unavyoweza kujitunza. Tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda mikoko, wanauza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa, na pesa huamuliwa na jamii: maji, vitabu vya shule na mengineyo. Unapotembelea mtaa wowote, uliza swali la Gazi: mara ya mwisho watu wa hapa kuchanga au kuamua jambo kwa pamoja ilikuwa lini? Mahali ambapo watu hukumbuka upesi, hata kama ni kuzibua mtaro, utapata watu wa kukusaidia.

Kwale mjini ni ya wenye kazi za kaunti. Iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, usiku hupoa, ofisi, hospitali na shule ziko karibu karibu. Watoto watapanda na kushuka vilima mpaka miguu iwe chuma. Ukipanga pembeni, upande wa Hifadhi ya Shimba Hills au karibu na Mwaluganje, uliza habari za ndovu kama unavyouliza habari za maji, na uulize watoto wa hapo huenda shule saa ngapi na wakiwa wangapi.

Kupokewa

Mtaa mkarimu huujui kwa kuchekewa siku ya kwanza. Pwani kila mgeni huchekewa. Utaujua kwa kukaripiwa. Siku mwanao atakapopanda mfenesi wa mtu na bibi asiyekujua akamshusha kwa maneno makali, kisha akamleta nyumbani ameshikwa mkono, umepokewa. Mshukuru, umwambie shikamoo, usimtetee mtoto mbele yake.

Kabla ya hapo kuna hatua za adabu. Nenda kwa mzee wa mtaa wiki ya kwanza, pamoja na mwenye nyumba au jirani, ujitambulishe unatoka wapi na unafanya kazi gani. Mpango wa Nyumba Kumi ulioanza 2013 una nguvu mahali pengine na umelala mahali pengine, lakini mzee wa mtaa yupo daima, na ndiye atakayepigiwa simu mtoto akipotea. Piga hodi, ungoje karibu. Msalimu kila mtu kichochoroni, hata ukiwa na haraka. Kukitokea msiba, nenda hata kama humjui marehemu. Mwezi wa Ramadhani, ikiwa nyumba yako haifungi, mfundishe mtoto kumaliza andazi lake ndani, na jioni usishangae sahani ya futari ikibisha mlangoni. Sahani hairudi tupu.

Jina lako pia litabadilika: utaitwa mama au baba wa mtoto wako wa kwanza. Hilo lina faida yake kwa kipimo chetu cha chumvi, kwa sababu mtoto ndiye kitambulisho chako mtaani.

Kuna historia ambayo mgeni anapaswa kuijua bila kuitangaza. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwafanya maelfu ya watu wa bara wakimbie makwao, na wazee wa pande zote wanakumbuka. Baadhi ya wanaokuja huchagua ploti ambazo wapangaji wote ni wa kwao, kwa tahadhari. Nawaelewa, ila mtoto ndiye hulipa: hatajifunza Kidigo cha wenzake, hatajua njia za mkato, na hatajulikana. Chagua ploti iliyochanganyika.

Kumbuka pia kwamba mtaa na ofisi havifanani. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi za mkonge na miwa, wakaishi na majirani zao wa Msambweni kwa miongo mingi, wakaoana na kuzikana, bila kitambulisho cha Kenya. Ilibidi watembee kwenda Nairobi Oktoba 2016 kudai haki hiyo ndipo wakatambuliwa. Fundisho kwa anayehama ni la makaratasi: majirani watakukubali bila cheti, shule na hospitali zitakudai.

Basi beba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, kijitabu cha kliniki chenye chanjo, na namba ya mwanafunzi (UPI) kutoka shule mnayoiacha. Chekechea za umma ziko chini ya kaunti, na Kwale imejenga nyingi tangu ugatuzi uanze 2013, kwa hiyo usidhani lazima utafute ya kulipia. Nenda ukaone choo, maji na idadi ya watoto kwa mwalimu. Jiandikishe SHA, bima ya afya ya taifa, ikiwa bado, na ujue kituo cha afya cha karibu kinachotoa huduma ya msingi.

Mwisho, mkataba. Usinunue wala usijenge kabla ya kupanga kwanza, na miezi ya kupanga ipite kwenye masika na kwenye msimu wa watalii, Julai hadi Agosti au Disemba. Diani na mitaa inayopakana nayo ina wenye nyumba wanaopata zaidi kwa mgeni wa wiki mbili kuliko kwa mpangaji wa mwaka, na wapo watakaokuomba upishe Disemba. Andikeni, mbele ya shahidi, kwamba kodi na makazi havibadiliki msimu ukifika, notisi ni miezi mingapi, na nani hulipa mtungi wa maji pampu ikiharibika. Akikataa kuandika, chukua namba ya mwenye duka, umuulize nyumba gani nyingine imeachwa wazi kwenye kichochoro hicho hicho.